Supu Isiyo na Chumvi

Shan Yongliang, muuza nyuzi, alikisogeza kile kipande cha kitambaa dirishani, akakigeuza ndani nje, akakinusa, kisha akacheka.

"Inspekta Weng, aliyeshona hii alikuwa amebanwa na haja."

"Niambie uzi, Baba Shan."

"Ovaloki, mshono wa kufunga kingo, wa nyuzi nne. Tatu za kijivu, moja ya chungwa. Ya chungwa imepita chini, upande usioonekana. Bitana ya kijivu, uzi wa chungwa! Mpelekee bosi nguo ya namna hii, atakurushia usoni."

"Hilo hata mimi naliona. Mama yangu ameshona miaka ishirini na sita. Nataka kujua chungwa hii nani anayo."

Weng Suyin alikuwa amesimama kwa sababu alijua akikaa hatanyanyuka. Kwa siku kumi na moja alikuwa akizunguka Prato, mji wa viwanda vya nguo huko Italia, na kitambaa hicho ndani ya mfuko wa nailoni, karakana moja baada ya nyingine, na kila alikoingia watu waliangalia kitambaa, wakaangalia kitambulisho chake cha polisi, kisha wakaangalia sakafu. Wengine walimjua tangu akiwa na miaka tisa, akibeba mafungu ya suruali kumsaidia mama yake. Ndio waliokuwa wagumu zaidi.

Jumatatu ya wiki iliyopita, kulipokucha, dobi wa hospitali alikuta boksi la nyuzi mlangoni pa chumba cha kufulia. Ndani mlikuwa na mtoto wa kiume wa siku moja, Mchina, mzima, amezungushiwa bitana hiyo. Juu yake palikuwa na utepe uliokatwa ukingoni mwa jora, umefungwa fundo la kuvuta, vile vile mafungu ya nguo yanavyofungwa karakanani. Kitovu kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa pamba na mtu aliyejua anachofanya. Daktari aliandika uzito, urefu, na kinyama kidogo mfano wa punje ya mchele mbele ya sikio la kulia. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho saa tatu asubuhi jaji wa watoto angetia saini, mtoto apewe watu wengine awe wao, na aliyemzaa asiambiwe kamwe alipopelekwa.

Shan alikuwa ameshapanda ngazi na kushuka na koni moja ya uzi. Akaiweka juu ya kitambaa. Rangi zilikubaliana.

"Wote mwaka huu wanataka nyeusi," alisema. "Nyeusi, nyeusi, utadhani mji mzima uko matangani. Chungwa hii nimemuuzia mtu mmoja, Bosi Miao Guifen. Alishona magauni ya pwani, akamaliza wiki mbili zilizopita. Lakini sikukwambia mimi."

"Ulikuwa huna habari hii Jumanne nilipokupigia simu?"

"Jumanne ulinipigia. Leo umekuja mwenyewe, na uso wako unatisha. Kanywe maji, binti."

Nje, Sajini Corsani alikuwa ameegemea gari akijipepea kwa gazeti. Alikuwa mtu wa hapo hapo Prato, baba yake na babu yake walifuma sufu, na Kichina chake kilikuwa maneno sita, matano ya chakula.

"Afande, tumepata?"

"Tumepata uzi."

"Uzi tulikuwa nao."

"Endesha," Suyin alisema.

*

Karakana ya Bosi Miao ilikuwa na vyerehani ishirini na viwili na feni tatu. Bosi mwenyewe aliwapokea mlangoni, mwanamke mfupi wa miaka sitini, miwani juu ya kichwa, futi ya kupimia shingoni.

"Vizima moto viko pale," alianza kabla hajasalimiwa. "Mlango wa dharura uko wazi. Hakuna anayelala humu. Mlikuja mwezi wa tatu, mkaja mwezi wa tano. Mnataka niwapikie kabisa?"

"Sikuja kukagua, Bosi Miao. Natafuta mzazi."

"Mzazi?"

"Mwanamke aliyejifungua siku za karibuni."

Bosi Miao alishusha miwani machoni akamtazama vizuri. "Ninaye mmoja. Mke wa mwanangu."

Corsani hakuelewa maneno, lakini aliona Suyin alivyogeuka, akaacha kujipepea. Wakavuka ua hadi nyumba ya bosi. Harufu iliwapokea ngazini, tangawizi iliyokaangwa kwa ufuta na mvinyo wa mchele, na Suyin akajua anaingia nyumba ya mtu anayekaa mwezi. Siku thelathini mzazi hatoki, haogi maji baridi, hapigwi na upepo, hasomi, hatazami simu ili macho yasiharibike. Mama yake alimkalisha hivyo hivyo miaka kumi na minane iliyopita, na hadi leo akiumwa kiuno anaambiwa ni ile siku ya ishirini na tatu aliyofungua dirisha.

Chumba kilikuwa kimefungwa madirisha yote katika joto kali la Julai. Kitandani alikaa Hu Xinlei, mkwe wa bosi, kofia ya sufu kichwani, soksi miguuni, jasho likimtiririka. Kando yake, juu ya mfarishi wa manjano wenye picha za bata, alilala mtoto mnene aliyekunja ngumi. Suyin aliinama. Sikio la kulia, safi. La kushoto, safi.

"Wa kike," Xinlei alisema. "Wiki tatu. Vipi, kuna aliyeibiwa?"

"Hapana. Nilikosea mlango."

"Usiondoke, Afande. Nikamate. Jela kuna feni?"

"Zimeharibika."

"Basi hata chakula. Jela wanatia chumvi? Kuku wa tangawizi asubuhi, kuku wa tangawizi jioni, bila chumvi, eti chumvi inakausha maziwa. Na wageni hakuna, wote wana kazi. Shangazi Ye wa ovaloki tu ndiye aliyekuja kuniona, mara mbili, akampiga picha mtoto."

"Na ninyi mnapeana umbea hata mtu akiwa anakaa mwezi," alisema Bosi Miao kutoka mlangoni. "Funga mdomo, upepo utaingia."

Walipotoka Corsani alikaa kwenye ngazi. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na tano na goti moja bovu, na tumaini lilikuwa limempandisha ngazi haraka.

"Si yeye," alisema.

"Si yeye."

"Saa tisa hii, Afande. Nimpigie karani wa jaji nimwambie hatuna kitu?"

"Subiri ninywe maji."

*

Jiko la karakana lilikuwa nyuma ya chumba cha pasi. Mpishi, Mzee Bao, mtu mwembamba aliyevaa fulana na aproni iliyokuwa nyeupe zamani, alimpa bakuli la maji ya moto bila kuuliza. Kwenye jiko palikuwa na sufuria mbili. Kubwa ilikuwa ya wafanyakazi. Ndogo ndiyo iliyotoa ile harufu.

Suyin alikunywa akimtazama. Mzee Bao alichota sufuria ndogo akajaza bakuli lenye mfuniko. "La mkwe," alisema. Halafu akachukua hotipoti ya bluu, mshikio wake umezungushiwa kitambaa cha chungwa, akaijaza kutoka sufuria ile ile.

"Mkwe anakula mabakuli mawili?"

"Aa, hii ya Dada Ye. Magoti yanamsumbua. Tangawizi na mvinyo ni dawa ya magoti."

"Naomba kijiko, Mzee Bao. Sijala tangu asubuhi."

"Chota ile kubwa, hii haina—"

Alikuwa ameshaonja. Ulimi ulipata kuku, tangawizi, mvinyo, na baada ya hapo pengo.

"Umesahau chumvi."

"Nisahau mimi!" Mzee Bao aliweka mwiko chini. "Niko jikoni miaka arobaini. Chakula cha mzazi hakitiwi chumvi, mama yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha. Sasa magoti ya Dada Ye yanakatazwa chumvi kwa nini?"

Mzee alipunguza moto chini ya sufuria ndogo.

"Nilimwambia nitampikia yake," alisema pole pole. "Akasema nichote humo humo nisijisumbue. Nikamwambia basi nitie chumvi kidogo. Akasema hapana, acha hivyo hivyo."

"Yeye huwa anapenda chakula kisicho na chumvi?"

"Dada Ye?" Mzee Bao alicheka licha ya nafsi yake. "Yule anatia sosi ya soya hata kwenye uji. Chupa ile pale dirishani ni yake. Mchana huu huu kaimiminia tambi mpaka zimekuwa nyeusi."

"Anabeba hotipoti tangu lini?"

"Jumapili ya wiki iliyopita. Jioni. Nakumbuka, tulikuwa tunafunga yale magauni ya chungwa, akaomba ruhusa kwenda nyumbani saa mbili, hajawahi." Mzee akamtazama. "Amefanya nini, binti?"

Suyin alifunika hotipoti akaichukua. Mtoto aliokotwa Jumatatu akiwa na siku moja. Ye alijua kusingizia magoti, lakini kama ndiye aliyefunga kile kitovu, alikuwa amezaa mwenyewe na kuzalisha wengine, na mkono wake haukuweza kumtilia mzazi chumvi hata kwa ajili ya kuficha siri. Ndipo za mwizi arobaini zilipotimia, kwenye kijiko kimoja cha supu.

"Ana binti?" aliuliza.

"Mmoja, Qiuyan. Msichana wa maana. Anafanya kazi ofisi ya kujaza fomu, kule mjini. Sijamwona tangu majira ya baridi."

*

Ye Meixiang alikuwa na miaka hamsini na mbili na alikaa kwenye cherehani cha mwisho ukutani. Hakuinua kichwa. Kitambaa cheusi kilipita chini ya vidole vyake na kuanguka kikapuni upande wa pili kikiwa kimefungwa kingo, kingine kikafuata. Suyin alivuta kigoda akakaa, na kukaa kwenyewe kulimuuma.

"Shangazi Ye. Mimi binti wa Weng, aliyekuwa anashona kwa akina Pan."

"Nakufahamu. Mama yako mzima?"

"Mzima. Kiuno tu."

"Viuno vyote." Cherehani kiliendelea.

Suyin alitoa kitambaa kwenye mfuko akakilaza mbele yake. Cherehani kikasimama. Meixiang alikitazama. Mwishoni mwa mshono palikuwa na uzi umening'inia, na katika siku kumi na moja wafumaji, wakataji na washonaji kama mia mbili walikuwa wameuona wakauacha. Meixiang alichukua kimkasi chake akaukata.

"Umekata kielelezo cha polisi," Suyin alimwambia kwa upole.

"Ulikuwa unaning'inia."

"Wewe ndiye uliyeshona?"

"Kila ovaloki inashona sawa."

"Kweli. Ila chungwa ilikuwa kwa Bosi Miao peke yake. Na hii hotipoti ni yako." Aliiweka juu ya meza. "Nimeonja. Haina chumvi."

Meixiang alizima taa ndogo ya cherehani. Bila mlio wa cherehani hicho ilisikika jinsi vingine ishirini na kimoja vilivyokuwa vimepunguza mwendo. Bosi Miao, kutoka meza ya kukatia, alisema kwa sauti kwamba magauni hayajishoni, na vikaanza tena.

"Nimechoka, mwanangu," alisema Meixiang.

"Najua."

"Hujui. Umechoka kwa kutembea." Alikunja kitambaa mara mbili, akakinyoosha kwa kiganja. "Watoto watatu nimewalea chini ya meza ya cherehani. Huyu Qiuyan nilimfunga mguu kwa utepe wa kitambaa, nikaufunga kwenye mguu wa meza, asitambae kwenye pasi. Mwaka mzima. Aliyempa mimba yuko Hispania, simu hapokei. Na mshenga ametuletea watu wa Padova, watu wazuri, wana baa mbili, wanakuja kumwona mwezi wa tisa. Wakimkuta na mtoto watageuza gari mlangoni. Atakuja kukaa hapa, kwenye kigoda ulichokalia."

"Kwa hiyo ukampeleka hospitalini."

"Pale wana maziwa. Wana madaktari. Nilijificha ng'ambo ya barabara mpaka yule dobi akatoka. Sikumtupa." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Andika hivyo. Sikumtupa."

"Qiuyan alikubali?"

"Qiuyan hajui. Alikuwa na homa. Nilimwambia dada yangu wa Milano amemchukua, amempeleka kwetu China, Wenzhou, kwa bibi, kama watoto wote wanavyopelekwa. Nilimwonyesha picha, akatulia." Alimshika Suyin mkono. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama kwato. "Leo ni siku yake ya kumi na mbili. Mshtuko unaua mzazi, wewe umezaa unajua. Zimebaki siku kumi na nane tu. Mwache amalize mwezi, mimi mwenyewe nitamwambia, halafu unifunge unavyotaka."

"Shangazi, zimebaki saa kumi na saba."

Alimweleza habari ya jaji. Meixiang alisikiliza hadi mwisho, kisha akainuka, akakung'uta nyuzi kwenye suruali, akachukua hotipoti.

"Basi twende kabla haijapoa," alisema.

Kwenye gari Corsani aliuliza kwa Kitaliano, macho barabarani, kama binti naye atafunguliwa mashtaka.

"Kama alijua," Suyin alijibu.

"Anaishi nyumba moja na mama yake, Afande. Atakosaje kujua?"

Na Suyin alikuwa akijiuliza hilo hilo. Binti aliyekubali mtoto apelekwe kwenye boksi angeingia mahakamani kama mshtakiwa, na jaji asingempa hata paka. Aliomba kwa redio gari la pili liwafuate.

*

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, na kutoka barabarani ilijulikana bila kuuliza namba, maana madirisha yote ya jengo yalikuwa wazi isipokuwa mawili, ambayo kingo zake zilibandikwa utepe wa gundi. Meixiang aliingia kwanza. Corsani alibaki naye jikoni. Suyin akapita chumbani peke yake.

Lin Qiuyan alikuwa amekaa kitandani kwenye giza la mapazia, kofia ya sufu, soksi mbili mbili, msichana wa miaka ishirini mwenye uso mweupe wa homa iliyopita. Kifuani alikuwa amejifunga shuka kwa nguvu. Shuka lilikuwa limelowa pande mbili.

"Wewe si daktari," alisema.

"Polisi. Naitwa Weng. Naweza kukaa?"

"Kaa. Mama amefanya nini?"

"Nina maswali machache. Mtoto wako yuko wapi?"

Qiuyan aliangalia mlango, ambako mama yake alikuwa akisikika akitafuta bakuli. "Wenzhou. Kwa bibi."

"Nani amempeleka?"

"Mama mkubwa wa Milano."

"Kwa ndege? Mtoto wa siku mbili?"

Qiuyan alivuta juu soksi ya mguu mmoja.

"Unafanya kazi ofisi ya fomu," Suyin alisema. "Fomu gani?"

"Za vibali. Za vyeti." Akasita. "Za pasipoti."

"Za watoto?"

"Za watoto hasa. Kila wiki napeleka kumi, kumi na mbili."

"Basi niambie. Mtoto ambaye hajaandikishwa, hana cheti, mama yake hajatia saini popote, anapata pasipoti kwa siku ngapi?"

"Hapati," alisema Qiuyan.

"Kwa hiyo ulijua hayuko Wenzhou."

"Nilijua siku ile ile."

Hilo ndilo jibu ambalo mwendesha mashtaka angelitaka, na msichana alikuwa amelitoa bila kusukumwa. Alifunga daftari lakini hakuliweka mfukoni.

"Mama yako alikuonyesha picha."

"Mara mbili. Simu alishika yeye, eti macho yangu. Mtoto kwenye mfarishi wa bata."

"Wa manjano."

"Wa manjano." Qiuyan alimkazia macho. "Yule si wangu. Mnene, halafu mkubwa. Na wangu ana kinyama." Akagusa mbele ya sikio lake la kulia, kwa kidole kimoja. "Hapa. Kama mchele. Nilikaa naye usiku mmoja, nilikishika usiku kucha."

"Sasa ulipoona picha si yake, ukafikiri nini?"

"Ungefikiri nini wewe?" Sauti haikupanda. "Mama anajua kuzalisha, lakini si daktari. Nilikuwa na homa, nilisinzia, nikaamka mtoto hayupo, na mama macho yamevimba. Anakuja na picha za mtoto wa watu. Nikajua amekufa. Nikajua amemzika mahali."

"Hukuuliza?"

"Ningemuuliza, angelazimika kunijibu." Aliukunja mkono wa sweta lake, akaukunjua. "Anashona tangu saa moja asubuhi. Anapanda ngazi hizi mara mbili na supu. Ananitazama mpaka bakuli liishe. Nikaona yeye ananionea huruma, acha na mimi nimwonee. Siku zikiisha tutalia wote mara moja."

Jikoni bakuli liliwekwa mezani. Suyin alikuwa amefanya kazi hii miaka kumi na tisa na hakuwa mtu wa kulia, lakini ilimbidi aangalie dirisha lililobandikwa utepe, ahesabu pembe zake nne, ndipo aseme.

"Qiuyan. Nisikilize. Hajafa."

Msichana hakusogea.

"Yuko hospitalini. Kilo tatu na gramu mia nne sasa, ameongezeka. Kinyama kipo, daktari amekiandika. Manesi wanasema ana sauti, wodi nzima hailali. Ukifika leo ukasema ni wako, watakupima damu, na kesho saa tatu mimi na wewe tutakuwa mbele ya jaji. Usipofika, atatia saini, na mimi sitaweza kukusaidia tena."

"Nani alimpeleka?"

Suyin hakuhitaji kujibu. Meixiang alikuwa mlangoni na bakuli la supu mikononi, na Corsani nyuma yake, akijaribu kuwa mdogo.

Mama na binti walitazamana. Suyin aliona kile ambacho angeandika baadaye kwenye ripoti kwa maneno makavu, kwamba mshangao wa binti ulikuwa wa kweli na hakuwa na habari. Qiuyan alishusha miguu sakafuni. Alisimama, akayumba, akashika ukuta. Alipompita mama yake alilichukua lile bakuli, akalinywa lote kwa pumzi moja akiwa amesimama, kama mtu anayemeza dawa kabla ya safari, akalirudisha mikononi mwa mama. Kisha akavua kofia, akaiacha juu ya kiti, akaenda kutafuta viatu.

"Kofia," alisema Meixiang. "Qiuyan, kofia."

*

Jua lilikuwa limeshuka, na upepo wa mto ulikuwa umeanza kupita katikati ya majengo, ule ambao mji mzima huusubiri tangu asubuhi. Gari la pili lilikuwa limefika. Corsani alimwingiza Meixiang nyuma bila pingu, akamkinga kichwa kwa kiganja asijigonge. Meixiang alikuwa ameshika ile kofia ya sufu.

Qiuyan alikaa mbele kando ya Suyin. Kitu cha kwanza alichofanya ni kushusha kioo mpaka mwisho. Nywele zake ambazo hazikuoshwa siku kumi na mbili, zilizogandamana, zikaanza kupeperuka.

"Mwanangu, funga dirisha," Meixiang aliita kutoka gari la pili. "Utaumwa kichwa maisha yako yote. Afande Weng, mwambie afunge."

Suyin aliwasha gari. Hakumwambia.

Walipita maduka ya vitambaa na wauza samaki, wakasimama kwenye taa nyekundu. Gari la Corsani lilikata kushoto kuelekea kituoni. Qiuyan alilifuata kwa macho hadi lilipojificha nyuma ya lori.

"Kituoni wanawapa chakula gani?" aliuliza.

"Mkate. Jibini. Tambi, kama zimebaki."

"Mwambie yule mzee aliyempeleka amtafutie soya." Alijipangusa uso kwa mkono wa sweta, akaendelea kutazama mbele. "Mama hali kitu bila soya."

Taa ikawa kijani. Suyin alichukua redio kwa mkono mmoja, akampa Corsani ujumbe huo kwa Kitaliano, na ilimbidi aurudie mara mbili kwa sababu Corsani alidhani hakusikia vizuri.